Moshi Chini ya Dirisha la Mama

Kwa miaka kumi na saba nilipasha gari langu moto kila asubuhi, dakika kumi kamili, kabla ya kuingiza gia. Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa dereva maisha yake yote, mtu aliyetoka Ukambani na leseni mfukoni, na aliamini kwamba injini ni sawa na binadamu: humtoi kitandani ukamkimbiza kazini kabla hajanawa uso. Siku hizi mafundi wanasema si lazima. Niliposikia hivyo mara ya kwanza, niliona ni watu waliolelewa vibaya.

Gari lenyewe lilikuwa saluni nyeupe ya Kijapani, kuukuu, na kwa kazi yake ya teksi watoto wangu walisoma. Nililiegesha chini ya dirisha la jikoni la jirani yetu wa chini, hapa mtaani Jericho, na kila jioni niliingia kinyumenyume ili asubuhi nitoke nikitazama barabara. Hilo nalo nilijivunia. Wenzangu waliingia kichwa mbele, kisha asubuhi wanahangaika kurudi nyuma katikati ya watoto wa shule na mitungi ya maji. Mimi ni dakika kumi, gia, nimeondoka.

Jirani mwenyewe nilimwita Mama. Alizaliwa Majengo kule Pumwani, mtu wa buibui na udi, akaja Jericho kwa kuolewa na hajahama tena. Mama yangu mzazi alipofariki nikiwa darasa la sita, watu walijaa nyumbani kwetu wakiimba na kuomba, na hakuna aliyekumbuka kwamba sijala. Yeye alinishika mkono akanishusha chini, akaniketisha jikoni kwake na kunipa uji wa mchele. Hakuniambia nisilie. Kwetu hatukuwa na neno shikamoo; mimi nimelijua kwake. Watoto wangu walipozaliwa na mke wangu akarudi kazini, walilelewa kwenye mkeka wake. Krismasi sahani hushuka kwake, Idi sahani hupanda kwetu. Sizunguki mbuyu: nampenda yule mama, na nisipomsikia chini kwa siku mbili nakuwa mkali hata kwa abiria.

Kikohozi chake kilianza polepole, kikawa sehemu ya sauti za nyumba. Mwaka jana kilikaza. Binti yake wa pekee, anayeishi Mombasa, alikuja mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, akampeleka hospitali, akarudi na dawa ya kuvuta na maneno ya daktari: kifua hiki hakitaki moshi. Akaniita ngazini, akaniambia kwa heshima, maana ananichukua kama kaka yake, kwamba baada ya Idi atakuja kumchukua mama yake wakaishi pamoja kule Mombasa.

"Yeye hataki," alisema. "Lakini, kaka, utaniambia nimwache hapa afe?"

Nilipanda nyumbani nikaketi kitandani na viatu vyangu. Mke wangu aliponiuliza kuna nini, nilimfokea, kisha nikamwomba msamaha, kisha nikamwambia.

Kesho yake nilianza vita na moshi. Nilimfuata mwanamume anayechoma takataka nyuma ya maduka, tukatupiana maneno hadi watu wakatuachanisha. Niliulaumu moshi wa viwanda unaotoka upande wa Mukuru, ingawa huo sikujua nimfuate nani. Mwisho nilienda kwa mama wa chapati anayepikia pembeni mwa nyumba yetu, nikamwambia ahamishe jiko lake, kuna mgonjwa hapa. Aliendelea kugeuza chapati. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha baadaye.

"Buda, unanikujia mimi na hii kajiko yangu ya makaa?" alisema. "Na ekzosi yako je? Kila asubuhi ukiwasha gari, mathe anafunga dirisha. Ukienda, anafungua. Huku wote tunajua. Ni wewe tu hujui."

Nilimwambia ni mwongo. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Kisha nikaenda kutazama.

Ukuta chini ya lile dirisha ulikuwa mweusi, doa la ukubwa wa sinia, sawasawa na mahali bomba la ekzosi yangu lilipoelekea. Niliupangusa kwa kidole, kidole kikatoka cheusi. Na hapo nikakumbuka kwamba kila mwaka karibu na Idi, Mama alipaka chokaa ukuta huohuo, na aliyembebea ndoo ya chokaa ni mimi. Nilidhani ni usafi wa sikukuu. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu, na sikuwa na wa kumrudishia.

Asubuhi iliyofuata sikupasha injini. Niliwasha nikaondoka. Lakini gari kuukuu ni gari kuukuu. Hata hizo sekunde chache lilitoa wingu. Nikageuza namna ya kuegesha, kichwa kikawa dirishani; moshi ukapiga ukuta wa pili na kurudi vilevile. Nikaliweka kule barabarani siku nne, na siku ya tano nikakuta vioo vya pembeni vimeng'olewa. Ndipo nikaanza kuuliza habari za magari ya stima, yanayotumia betri badala ya petroli, jambo ambalo mwezi mmoja nyuma ningemcheka yeyote aliyelitaja.

Nilienda na mke wangu kuyaona, maana mimi hutazama gari kwa macho ya dereva na yeye hulitazama kwa magoti ya abiria. Tulilinganisha matatu, yale ambayo mtu wa kipato changu anaweza kuyasogelea bila kufukuzwa.

La kwanza lilikuwa la Kijapani, limetumika, bei yake nafuu kuliko yote. Nililipenda kwa sababu ya ujamaa wa Kijapani. Lakini vijiti vya betri kwenye dashibodi vilikuwa vimepungua, na nilipomuuliza muuzaji kama nikitoka Jericho hadi uwanja wa ndege, nirudi, nipate mteja wa Westlands, nirudi tena na foleni ya Donholm, litafika, alitazama juu kama anayetafuta jibu kwenye bati. Pia tundu lake la kuchaji haraka ni la aina ya zamani, na vituo vyenye waya wake ni vichache.

La pili lilikuwa dogo, jipya, la Kichina, milango miwili, rangi ya krimu. Mke wangu aliingia nyuma kwa madaha na ikabidi tumtoe kwa kumvuta mikono yote miwili. Buti la nyuma lilitosha mfuko wa unga na kitunguu. Kwa mtu wa kwenda ofisini na kurudi ni gari zuri sana, la kupendeza, lakini mgeni wa uwanja wa ndege angelazimika kupakata sanduku lake.

La tatu lilikuwa la Kichina pia, saluni ya milango minne, iliyotumika kidogo, ambayo madereva wa teksi huruhusiwa kuilipia taratibu huku wakiifanyia kazi. Betri yake ilikuwa kubwa kuliko za yale mengine mawili. Mke wangu alikaa nyuma, akanyoosha miguu, akafumba macho. Nikajua uamuzi umeshapita bila mimi.

Mazoea yalinisukuma nifungue boneti. Nikainama na kutega sikio, kama nilivyofanya na kila gari nililowahi kununua au kumsaidia mtu kununua. Muuzaji akaniambia limewaka. Sikusikia kitu. Mbele yangu palikuwa na maboksi yamefungwa na nyaya nene za rangi ya machungwa, nikahisi kama mtu aliyebisha hodi nyumba ambayo mwenyewe kasafiri. Baba angesema nini? Nilitaka kulia, na nilishindwa kujua kama ni kwa ajili yake au kwa ajili ya Mama.

Tulipoliendesha lilikimbia vizuri hadi nikaona haya kwa jinsi nilivyoyasema vibaya magari haya. Halihitaji kubadilishwa oili. Halina plagi za injini wala ekzosi. Kisha muuzaji akauliza swali la kawaida kabisa: "Usiku unaliegesha wapi? Soketi ya nyumbani inatosha, unalichomeka, unalala, asubuhi limejaa."

Sisi tunakaa juu, na soketi zetu ziko upande wa pili wa nyumba. Waya ungelazimika kuzunguka paa na kushuka uani, na watoto wa watu wanacheza pale. Soketi ya pekee iliyo karibu na maegesho yangu ilikuwa ndani ya dirisha la jikoni la Mama. Kwa hiyo ili nimwondolee moshi ilinibidi nimwombe stima, na ili nimwombe stima ilinibidi niseme kwa nini. Niliahirisha siku tatu. Mke wangu akaniambia kama siendi, ataenda yeye, na atalisema vizuri kuliko mimi.

Nilienda baada ya swala ya alasiri, Ramadhani imeshaanza. Mama alikuwa anakanda unga wa kaimati za futari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama mlangoni kama mpimaji wa stima? Ingia."

Niliingia. Nikaanza na gari, betri na soketi, na kwamba tokeni za stima nitanunua mimi, na fundi atakuja kubadilisha nyaya za zamani ili zisipate moto. Alisikiliza hadi nikaishiwa na maelezo. Kisha nikasema, na sauti yangu ikanisaliti: "Mama, kumbe ni mimi. Moshi wote huu ni mimi. Mbona hukuniambia?"

Hakuacha kukanda.

"Nikwambie nini? Ulikuwa na watoto wadogo, na gari ndilo lililowalisha. Ningekwambia uliondoe ungelipeleka barabarani, uibiwe, kisha uje hapa umenuna. Sasa je, si nilifunga tu dirisha."

"Miaka kumi na saba, Mama."

"Haya, nimeihesabu mimi?" Akaniangalia sasa, unga umemfika viwikoni. "Halafu likinguruma nilikuwa najua umeamka mzima. Mamako alikuacha mdogo. Mtu alitakiwa ajue kama umeamka."

Nililia pale jikoni, mwanamume mwenye mvi, mkono kwenye friji. Yeye alinipa kitambaa cha sahani nijifute uso, na kilikuwa na unga.

Fundi alikuja, akabadilisha nyaya na soketi, nami nikalichukua lile gari la tatu. Gari jeupe lilinunuliwa na mtu wa Machakos. Nilimkabidhi funguo, nikamsihi asilipashe moto karibu na dirisha la mtu. Alinitazama kama anayemtazama mwenda wazimu. Najua moshi wangu haukufa siku ile, ulihama tu, na jambo hilo bado linanikera nikilikumbuka.

Kuanzia hapo, kila jioni niligonga dirisha, Mama akafungua, nikampa plagi ya waya wa kuchaji, akaichomeka mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Asubuhi baada ya swala ya alfajiri aliichomoa na kunirudishia waya, ameukunja vizuri kama uzi wa kushonea, akaniuliza nimelalaje. Ukuta ulipakwa chokaa kabla ya Idi na haukuchafuka tena. Kifua hakikupona, nisidanganye. Mtu wa takataka bado anachoma, na viwanda vipo palepale. Lakini wiki ya mwisho ya mfungo walimpima tena kliniki, wakasema kimetulia kuliko mwanzo, aendelee na dawa.

Siku ya tatu ya Idi binti yake alifika kutoka Mombasa. Nilipoitwa chini nilikuta sanduku kubwa juu ya kochi, limeshafungwa. Binti alikuwa amepanga kila kitu kwa upendo, hata dawa zimewekwa pembeni kwa ajili ya safari. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake jikoni, na alikuwa hajavaa buibui.

"Mama, tutachelewa treni," binti alisema.

"Mimi nikienda," Mama akamjibu, "huyu atachaji gari wapi?"

Binti akanigeukia. Niliona anachoniomba, nimshawishi mama yake aende, na ilikuwa haki yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshauliza. Kuna kituo cha kuchaji kwenye stesheni ya petroli si mbali sana na hapa. Ningeamka mapema zaidi, ningepanga foleni, ningezoea. Jambo moja tu lingebadilika, nalo ni kwamba nisingemwona. Moyo wangu wote ulitaka ninyamaze.

"Mama," nikasema, "nimepata pahali pa kuchaji. Usibaki kwa sababu yangu. Nenda ukapumue vizuri huko. Mimi nitakuja kukuona."

Mama akanitazama kuanzia viatuni hadi utosini, kama siku ile nilipoiba sukari yake nikiwa na miaka kumi na mmoja.

"Wewe," akasema, "nani amekuuliza?"

Binti akaangua kicheko huku machozi yanamtoka. Akaketi kochini, akalivuta sanduku karibu, akafungua zipu, akaanza kutoa madira ya mama yake, moja baada ya jingine.