Ndengu Ndani ya Mkebe

Kila asubuhi kocha wa jimu ya mtaa wa Landless humenya yai kwa kidole gumba kimoja, kisha hulila polepole akiwa amesimama kando ya meza ya Kui. Kui anauza mayai ya kuchemsha na ndengu hapo mlangoni, na maneno ambayo kocha huwaambia wanaoanza mazoezi ameshayakariri. "Kula mayai, kula ndengu, lala mapema. Miezi sita ikiisha ndio utaanza kuona umebadilika." Huyasema kwa sauti ya chini, mkono wake mpana ukiwa begani mwa mtu. Wao huitikia kwa adabu ile ya kumsikiliza mgonjwa, na wiki ya tatu haijaisha wamehamia Ruiru, kwenye jimu inayouza unga wa kujaza misuli.

Mwezi uliopita Gachau, aliyefundishwa hapa hata namna ya kushika chuma, alirudi kusalimia, mkebe wa unga kwapani.

"Kocha, niaje? Huo mwili wote, wewe hutumia unga gani?"

Wanafunzi wakasogea wasikie. Kocha akaliangalia yai mkononi mwake. Miaka kumi na miwili ya mayai.

"Huo huo wako," akasema. "Ukiisha, niletee mkebe."

Leo kocha ameuweka mezani mkebe alioletewa na Gachau, mtupu. "Kui, nitilie ndengu humu, halafu ufunike."

Kui alipakua bila kumtazama usoni. Kocha alipoingia na mkebe wake, wanafunzi walimzunguka, na kwa mara ya kwanza wakamuuliza huwa anakula vijiko vingapi.