Gunia la korosho lililomaliza ubishi wa milango ya vioo pale Chiwata

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Ila juzi nimeona watu wanaulizana kuhusu maonyesho ya vifaa vya ujenzi yanayokuja Dar, eti sisi mafundi wa mikoani tukienda tunaambulia nini zaidi ya picha na mifuko ya bure.

Nikasema ngoja nitoe langu.

Haya yametokea kweli, na nusu ya kijiji ni mashahidi. Nikiongeza chumvi, Bi Somoe wa pale Chiwata ana mjukuu mkubwa mwenye simu, atanisuta humuhumu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mdada, fundi vioo na aluminiamu, Masasi mjini, kibanda chetu kiko Mkomaindo. Shule niliishia form two. (Naona kuna wanaoanza kuandika "mwanamke na vioo wapi na wapi". Malizeni kusoma kwanza, wakuu.)

Bosi wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kushika kikatio, ni Baba Zuhura. Ananiita Waziri wa Vioo.

Sababu ni moja. Kila asubuhi kabla hatujaanza kazi namsomea habari za vioo kutoka kwenye simu. Kiwanda gani kimeleta mashine mpya, maonyesho yako wapi, huko duniani wametengeneza nini. Mimi napenda sana hizo habari. Wengine wanafuata mpira, mimi nafuata vioo.

"Baba Zuhura, kuna kioo kinajisafisha chenyewe mvua ikinyesha."

"Kipeleke Newala kwa wale wanaosubiri mvua ili wapate maji ya kunywa. Kitakufa kichafu."

Ndiyo maongezi yetu.

Sasa tuje kwenye kisa.

Pale Chiwata wazazi walijichanga wakajenga chekechea. Wao wenyewe, matofali yao, nguvu zao. Jengo zuri sana. Wakataka na milango miwili mikubwa ya kioo, kuanzia juu mpaka chini, kama waliyoiona kwenye ofisi za mjini. Walisema watoto wao nao wasome mahali penye mwanga.

Kazi tukapewa sisi. Vioo mwenyekiti wa kamati, Mzee Chitanda, alishanunua mwenyewe. Vilikuwa vioo vya kawaida vya dirisha.

Siku tunakwenda kupima, watoto walikuwa wanacheza humo ndani. Wanakimbizana, wanaingia mlango huu wanatoka ule, mikono mbele, kelele mpaka kwenye bati. Kuna mmoja, Salma, mjukuu wa Bi Somoe, alikuwa anakimbia huku anaangalia nyuma.

Wakuu, niliacha kupima.

Maana niliona mlango ukiwa tayari, na Salma akija hivyohivyo.

Nikamwambia Baba Zuhura hapa chini tusiweke hiki kioo. Tuweke tempered. Kwa wasiojua, tempered ni kioo kilichopikwa kwa moto mkali kisha kikapozwa haraka. Ni kigumu, na siku kikivunjika hakitoi visu, kinamwagika punjepunje.

Baba Zuhura akakataa. Hakukataa kwa ubaya. Sisi huku tumezoea kukata kioo palepale saiti, kwa sababu nyumba zetu tundu la mlango juu lina upana wake na chini lina wake. Unakata, unajaribu, unapunguza. Tempered haikatwi. Inaagizwa Dar na kipimo chake, ikija imepungua au imezidi, umeula wa chuya.

"Na wewe utamweleza nini Mzee Chitanda? Kwamba umeona kwenye simu?"

Nikaenda kwa Mzee nikamweleza hivyohivyo, kwamba nimeona kwenye simu.

Mzee alinisikiliza kwa adabu kabisa. Kisha akasema, "Binti yangu, kioo ni kioo. Watoto tutawakataza kukimbia."

Jamani. Mtoto wa miaka minne umkataze kukimbia.

Niliporudi Masasi sikulala vizuri, lakini pia sikukata tamaa. Nilikumbuka video moja ya maonyesho ya vioo. Wanachukua mfuko mzito, wanauning'iniza kwa kamba, wanauvuta nyuma na kuuachia ugonge kioo mbele ya watu. Mfuko unasimama badala ya mtu anayekimbia.

Nikajiambia, kama mimi siwezi kwenda kwenye maonyesho, maonyesho yatakuja Chiwata.

Shida ikawa kuipata hiyo tempered. Nikampigia Bakari, fundi mwenzangu wa Newala. Bakari alikuwa na mlango mmoja wa tempered uliotolewa kwenye duka lililobadilishwa sura. Alikuwa anautunza aje aufanye meza sebuleni kwake.

Nikapanda Newala. Nimefika kuna ukungu na upepo ule wao wa baridi, Bakari kavaa koti mchana. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akakipapasa kioo chake.

"Kwa hiyo unataka meza yangu ukaivunje?"

"Ndiyo kaka."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Basi na mimi nakuja. Siwezi kukosa mazishi ya meza yangu."

Tukakifunga kikiwa kimesimama wima, katikati ya magodoro, kwenye gari lililokuwa linashuka Masasi. Bakari alikishikilia njia nzima kama mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Ndanda.

Siku ya kikao cha wazazi tukasimamisha fremu mbili za mbao nje ya chekechea. Moja nikatia kioo cha kawaida, kipande nilichonunua mwenyewe. Ya pili nikatia mlango wa Bakari. Kamba tukaifunga kwenye mbao za paa, za kenchi, zilizotokeza barazani. Watu nikawapanga mbali.

Kikabaki kitu cha kuning'iniza.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa huku tu anaweza kulifanya. Ilikuwa msimu, na msimu ukisema "mfuko mzito" kichwa kinakuletea kitu kimoja tu. Bi Somoe alikuwa kapitisha korosho zake pale, anazipeleka ghalani kwenye chama cha msingi. Nikamwomba gunia lililojaa nusu.

"Utalirudisha?"

"Sasa hivi tu bibi yangu, halitoki hata moja."

Akanipa. Ni mama mwenye moyo.

Baba Zuhura akalivuta gunia nyuma, akaliachia.

Kioo cha kawaida kikapiga ukelele. Vipande vikashuka kama majambia, virefu, na kimoja kikalipasua gunia kutoka juu mpaka chini. Korosho zikamwagika zote juu ya vioo, na vioo vikaangukia juu ya korosho.



Halafu Bi Somoe: "Nnungu wangu! Korosho zangu!"

Wakuu, nyie ambao si wa kusini hamwezi kuelewa. Korosho yenye taka ghalani inarudishwa. Korosho yenye vioo? Hata kuitaja unaogopa. Na zile zilikuwa korosho safi, mtu kaokota moja moja, kaanika, kachagua.

"We mtoto, nani kakutuma? Duniani kote hakuna mchanga?"

Mchanga ulikuwepo, lundo zima, uliobaki walipojenga chekechea. Nilikuwa nimeuegemea.

Bakari akaenda akajaza mfuko wa saruji kwa mchanga, tukaendelea maana hakukuwa na namna. Mfuko ukagonga ile tempered, ukarudi. Ukagonga tena, ukarudi. Vijana wakaanza kushangilia kama mpira.

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hiki kinene, kile chembamba! Umetuletea jogoo na kifaranga wapigane!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu alikuwa na haki. Kile cha Bakari kilikuwa kinene kweli. Nikawaambia sawa, basi msiangalie nani ana nguvu, angalieni kinavyokufa. Baba Zuhura akachukua nyundo, akakigonga pembeni kwenye ukingo, maana ndiko udhaifu wake uliko.

Kikapasuka chote kwa mpigo mmoja. Kikamwagika chini kama chumvi ya mawe.

Bakari akavua kofia. "Kwaheri meza."

Nikajua nimeshinda, wakuu. Nilianza hadi kutabasamu.

Mzee Chitanda akasimama, akasema, "Tumeona. Tunakushukuru. Ila vioo vilishanunuliwa. Tutalifikiria." Na sisi sote tunajua maana ya tutalifikiria.

Watu wakaanza kunyanyuka.

Bi Somoe akasema, "Haondoki mtu. Korosho zangu nani atazichambua?"

Huku kwetu mama mkubwa akisema hivyo hamna wa kumbishia. Likatandikwa turubai, korosho zikasombwa kwa koleo, tukakaa chini wote kuzunguka. Kamati, wazazi, Baba Zuhura, Bakari na koti lake. Mzee Chitanda naye akakunja suruali akakaa.

Tukaanza kuchambua. Korosho huku, kioo kule.

Wa kwanza kusema "aah!" alikuwa kijana mmoja. Akanyonya kidole. Halafu mama mwingine. Halafu Mzee Chitanda mwenyewe, akautazama mkono wake akaufuta kwenye shati. Vipande vingine vilikuwa vyembamba kama miiba ya samaki, unavihisi kabla hujaviona. Nilikuwa na glavu pea moja, nikampa Bi Somoe, akanirudishia. "Na hizi nguo za mikono nitaionaje korosho?"

Kazi ilikuwa ya polepole. Watu wakaacha utani. Unasikia tu korosho zikidondoka kwenye ndoo.

Salma alikuja akitaka kukaa na bibi yake. Watu wote pale, kwa pamoja, bila kuambizana, wakapiga kelele: "Usisogee!"

Mtoto akasimama pale pale, midomo ikaanza kutetemeka.

Bi Somoe akanyanyuka. Akaenda kwenye lile rundo la meza ya Bakari, akachota konzi moja ya punje, akazibana taratibu kiganjani, akakifungua kiganja. Kilikuwa na mikwaruzo miwili mitatu. Kisha akanyoosha mkono wa pili, ule aliochambulia, vidole vina damu.

Akamwonyesha Mzee Chitanda yote miwili.

"Mwenyekiti. Sisi watu wazima, tuna macho, tumekaa chini, tunaokota taratibu, na bado vimetuchoma. Huyu atakayekuja mbio?"

Mzee Chitanda alikuwa bado anaichungulia korosho mkononi, anaigeuzageuza.

"Vile vioo tulivyonunua," akasema, "madirisha ya juu vitatosha?"

Nikamwambia vitatosha na kubaki.

"Basi huku chini weka hicho cha punje. Rangi ya ukuta itasubiri."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote, mimi machozi yangu yako karibu.

Kipimo je? Hapo Baba Zuhura ndiye aliyetuokoa. Alisema hatupimi tundu, tunatengeneza fremu kwanza, tunaisimamisha ikanyooka kwa timazi, fundi wa lipu anaifuata fremu yetu, ndipo tunapima kioo ndani ya fremu. Tukapima yeye, nikapima mimi, akapima Bakari, kila mtu kivyake bila kuambizana. Ndipo tukaagiza Dar.

Vilipofika vikaingia kama funguo.

Sasa hivi ukienda Chiwata, ile milango haikai safi. Kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini imejaa alama za viganja, pua na midomo ya watoto. Tumebandika na mstari wa maua ya karatasi usawa wa macho yao ili wajue hapa kuna kioo. Salma alishajigonga mara moja akikimbia huku anaangalia nyuma. Akakaa chini, akalia kidogo, akanyanyuka akaendelea na mbio.

Nilivyosikia hiyo habari niliacha kazi nikaenda nyuma ya kibanda kulia kidogo.

Nilichojifunza, wakuu. Nilidhani watu wataamini wakiona. Kumbe kuona peke yake mtu anaweza kunyanyuka akaenda zake nyumbani. Waliamini walipookota kwa mikono yao. Kwa hiyo we fundi mwenye jambo jema unalolipigania, usichoke, na usitegemee maneno wala video. Tafuta namna mkono wa mtu ulishike lile jambo.

Sasa turudi kwenye maonyesho ya Dar. Mimi siwezi kwenda safari hii, ni msimu, watu wana hela za korosho na kazi zimejaa. Ila kama upo huko na unakwenda, usiishie kwenye mifuko ya bure. Nenda kwenye banda la vioo uwaulize kwa niaba yetu: kuna mpango gani wa kuleta tempered karibu na sisi wa kusini, na wakileta, kioo kikivunjika njiani ni juu ya nani? Njoo uandike jibu hapa, utakuwa umesaidia mafundi wengi.

Na msimu ukiisha, mimi, Bakari na Baba Zuhura tunapeleka maonyesho yetu Newala, hapo hapo kwa wenye nyumba zinazopigwa na upepo wa ukingoni mwa mlima. Watakuja watu wa ujenzi, walimu wa chekechea, na yeyote. Mwenye kioo chakavu cha tempered anachokaribia kukitupa, anijulishe hapa chini. Bakari hana meza nyingine.

Mwenye swali, mwenye kupinga, hata mwenye kucheka, karibuni, nitajibu nikitoka saiti.

Bi Somoe nimemsomea huu uzi kabla sijauweka. Kasema yote ni kweli, ila niongeze moja, niwaambie watu wa Newala wafiche magunia yao.