Tangazo la Kulwa

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiisimulia mwili hunisisimka. Nilikuwa kijana, nauza mchele sokoni Runzewe. Pacha wangu Kulwa alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Bugarama, kisha simu yake ikazimika. Wiki zikapita. Mama akawa hali, halali. Ndugu wengine tuliwaambia, ila shangazi yetu wa Maganzo tulimficha, maana presha ilikuwa ikimsumbua.

Kila asubuhi nilipita kwa Mzee Hamisi, mwenye duka la kompyuta, nikasoma tovuti ya habari za kanda yetu juu mpaka chini, nikitafuta habari za migodini. Kurasa zilikuwa safi, kwani mzee alikuwa ameweka kizuia matangazo, programu inayoyaficha, kwenye kivinjari. Hakukosea. Mteja wake mmoja aliwahi kubonyeza "Umeshinda gari!" akaibiwa namba yake ya siri. Mimi nilikisifu sana kile kizuizi. Nani anapenda kelele?

Basi asubuhi moja shangazi akanipigia. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Doto! Umeumia lini? Mbona hamkuniambia?"

"Mimi mzima, shangazi. Niko sokoni."

"Mzima gani, nami nakuona hapa kwenye simu umelala kitandani, kichwa kimefungwa bandeji?"

Mwanangu, nilimuuliza picha hiyo anaiona wapi. Tovuti aliyoitaja ni ileile niliyotoka kuisoma! Niliuacha mchele wazi, nikakimbia dukani, nikafungua. Hakuna kitu. Mzee Hamisi akasogea, akakizima kizuizi kwenye ukurasa ule, akaufungua upya.

Pembeni ukatokea uso wangu. Wangu kabisa, ila chini ya jicho kulikuwa na kovu la Kulwa. "Majeruhi huyu hawezi kusema. Anayemfahamu afike hospitali." Wenye tovuti walikuwa wamelitoa tangazo hilo bure, wakaliweka penye nafasi ya matangazo ya biashara, na programu haitofautishi tangazo la sabuni na la ndugu yako. Siku zote lilikuwa hapo, nami nimekaa mbele yake. Nilimpigia mama simu, tukaenda pamoja hospitali.

Tulimkuta hai. Ukuta wa shimo ulikuwa umemwangukia. Aliponiona alinishika mkono tu, machozi yakimtoka. Maneno yalirudi taratibu, na siku alipoita "Mayu," yaani mama kwa lugha yetu, mama alianguka magotini palepale wodini.

Niliporudi Runzewe nilimvaa Mzee Hamisi kwa hasira. "Kitoe hicho kitu! Kingeniulia ndugu!"

Naye hakupandisha sauti. "Hata mimi nimeshtuka, Doto. Lakini nikikitoa, kesho mwingine ataibiwa hapo ulipokaa. Kufunga mlango si kosa. Tulifunga, tukasahau kwamba tumefunga."

Nilikiacha kizuizi mahali pake, nikarudi sokoni kwenye mchele wangu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Haya yetu ya leo tumeyawekea. Mwanangu, kizuizi kitumie, matapeli ni wengi. Kichukue mahali panapoaminika, maana kipo kinachojiita mlinzi kumbe ndicho kinachopekua mifuko. Tovuti unayoiamini, iruhusu ioneshe matangazo yake. Wanaoiandika hula kwa hayo, na ukiwanyima wote, siku moja utafungua ukute wamefunga. Na ukiwa unatafuta jambo zito, zima kizuizi, tazama tena, muulize na mwenzako anaona nini kwake. Usiapie kwamba kitu hakipo kwa sababu tu wewe hukukiona.

Mungu akulinde na wenye hila, akupe jicho la kuwaona wanaokuhitaji, na ndugu yako asikuite ukakosa kusikia. Amina.