Hazina ya Luti Niliyoigundua Penrith

Jamani, nicheke nanyi, maana kulia nimeshalia. Wakati wa lockdown, nikirudi nyumbani Penrith kutoka zamu ya hospitali ya Westmead, huku ughaibuni, nilikuwa naingia Zoom na wapenzi wa luti, ile ala ya kale ya nyuzi yenye tumbo kama nusu kibuyu. Wanasaka karatasi za muziki wake zilizosalia tangu miaka mia tatu iliyopita. Muziki huo huandikwa kwa herufi, kila herufi ikikuonyesha pa kubana uzi.

Siku moja nikafungua kitabu kikuukuu nilichonunua duka la mitumba. Ikadondoka karatasi ya rangi ya chai, imejaa herufi: d, m, s, d. Sikulala! Nikatangaza kwa kikundi kwamba nimepata hazina.

Jumamosi wote wakaingia Zoom. Nikaipiga kwa luti yangu. Ilisikika kama sufuria zinazoporomoka ngazini, nami nikaeleza kwa sauti ya profesa kwamba huu ni mtindo uliopotea. Mwalimu wetu, mzee mpole, akaandika kila neno.

Mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Kisii mipaka ikamfungia hapa, akasogea kuitazama karatasi. Akaimba: "Do, mi, so, do..." Tamu ajabu.

"Si sauti yangu ya pili hii, ya kwaya ya Pasaka!" akasema kwa Kiswahili. "Niliibana kwenye kitabu chako inyooke. Mbona unaiua hivyo?"

Kule kwenye skrini mwalimu, macho yakimng'aa, akaniomba nimwambie mama aimbe tena. Lakini kwanza nimtafsirie alichosema mama.