Subiri na Lenzi Moja

Kaka yangu anaitwa Subiri. Si jina alilopewa na wazazi. Amelichuma mwenyewe kwa jasho lake. Ni mpiga picha, ana studio ya chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, na neno analolisema kuliko yote ni hilo: subiri kidogo, nabadilisha lenzi. Maharusi wamesubiri, wahitimu wamesubiri, watoto wachanga wamesubiri mpaka wakalala. Wateja wanampenda hata hivyo, kwa sababu picha zikitoka hakuna anayekumbuka alivyosimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Lenzi zake ni tatu na kila moja ina jina. Sahani ni ile pana, inayomeza chumba kizima na watu wake. Bomba ni ndefu, ya kuwavuta walio mbali. Ya tatu ni fupi na nene, haivuti wala hairudi, nayo ndiyo kipenzi chake. Anaiita Paka, maana inaona gizani. Wifi yangu husema siku akifutwa vumbi kwa upole anaofutwa Paka, atajua kweli ameolewa. Anasema kwa utani, lakini si utani mtupu.

Mimi nina kisa changu na lenzi hizo. Siku ya harusi yangu Mama, ambaye hachezi, alisimama akacheza. Alicheza wimbo mmoja tu, akaketi. Wakati huo Kaka alikuwa amepiga goti pembeni, Bomba mkononi, Paka bado mfukoni, anatuambia tusubiri. Ninazo picha nzuri sana za Mama ameketi. Nimemsamehe, ila namkumbusha kila nikipata nafasi.

Kwa hiyo Mama alipotangaza kwamba anakwenda kumwona dada yake, nilijua lenzi zitaleta maneno. Dada yake huyo, ambaye kwetu sisi ni mama mkubwa, yeye na Mama hawakuwa wameonana tangu Kaka na mimi hatujaanza shule. Hapakuwa na ugomvi wowote. Ni umbali, watoto, kazi, na ile "mwakani Mungu akipenda" ambayo kila ikifika inazaa mwakani nyingine. Sasa mama mkubwa alikuwa hatoki tena kitandani, na Mama mwenyewe goti lake moja limegoma.

Walikuwa na picha moja ya pamoja, waliyopiga wakiwa wasichana. Ilining'inia sebuleni kwetu mpaka unyevu ukaigandisha kwenye kioo, na tulipoibandua, uso wa mama mkubwa ukabaki kwenye kioo. Tangu siku hiyo Mama amesimama kwenye picha ile ameshikana mkono na doa jeupe. Alichokitaka kwenye safari hii ni kimoja tu: picha nyingine, yeye na dada yake, nyuso zote mbili zionekane.

Kaka akafungasha kama anayehama. Rafiki yake mwenye duka la vifaa vya picha akamshauri aache mzigo wote huo, aazime kwake lenzi moja inayofanya kazi zote. Unazungusha pete, mlima unakuja mpaka mlangoni. Unairudisha, familia nzima inaingia. Kaka alimsikiliza kama mtu anayeshauriwa kunywa uji maisha yake yote. Alisema lenzi hiyo ni nzuri juani, ila ukiingia nayo ndani ya nyumba inaanza kupapasa. Wifi akasema aichukue, watu wapumzike. Mimi nikataja harusi yangu. Kelele zilikuwa nyingi mpaka Mama akamwita Kaka sebuleni na kumwambia asimame na mzigo wake wote, kama atakavyokuwa siku ya safari.

Akasimama. Mfuko wa lenzi begani, kamera shingoni, mkono mmoja umeshika kamera, mwingine umeshika mkanda wa mfuko usiteleze. Mama akanyanyuka taratibu, akamsogelea, akatafuta pa kushika, hakupaona.

"Mkono mmoja ni wangu," akasema. "Huo unaobaki, beba unachotaka."

Mjadala ukaishia hapo. Paka akavikwa kitambaa chake akafungiwa kabatini, na siku ya kuondoka Kaka aliondoka na lenzi ya kuazima na sura ya mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani.

Safarini, lazima niseme ukweli, lenzi ile ilinifurahisha. Mama alipopanda ngazi za treni, alipanda akiegemea mkono wa Kaka wa kushoto, na wa kulia ukampiga picha akipanda. Alichukua daraja la mbali, akazungusha, akachukua vidole vya Mama vikimenya chungwa, yote pale pale alipokaa. Hakuna aliyeambiwa asubiri. Nilimuuliza kama bado anaomboleza, akajibu kwamba jua linamsaidia, tuone mbele.

Mbele tukaona. Mama mkubwa alikuwa kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha dogo na pazia zito. Macho yake yalikuwa yametoka kufanyiwa upasuaji, na binti yake, anayemuuguza, alituonya tangu mlangoni: hakuna kuwasha taa kali, na flashi ya kamera ndiyo kabisa. Mama aliingia akishika ukuta. Hawakupiga kelele wala nini. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, dada yake akampapasa uso kuanzia paji mpaka kidevu, akamwambia amenenepa. Walicheka, kisha wakalia, na mimi nikalia.

Kaka alikuwa anapiga. Nilipomtazama nikaona taya zimekaza. Akanionyesha kioo cha kamera: vivuli viwili juu ya shuka. Akabonyeza hiki na kile, picha ikaja na mwanga kidogo lakini imejaa chenga, nyuso hazina macho. Nikakumbuka lile doa jeupe. Gari lililotuleta lilikuwa linasubiri nje turudi kuwahi treni, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa safari nyingine.

"Laiti ningekuja na Paka," Kaka akanong'ona.

Masikio ya Mama hayana goti bovu.

"Ungekuja na Paka, mimi ningekuja na nani?"

Kaka akakisogelea kitanda, akakikagua miguu, akamwomba binti wa mama mkubwa ruhusa. Tukakisukuma sote, pole pole, mama mkubwa akiwa juu yake anauliza anahamishiwa wapi bila taarifa. Tukakifikisha dirishani, pazia likafunguliwa upande tu, mwanga mpole ukawaangukia mashavuni. Kaka akageuza kiti, akapanga mito juu yake, akailaza kamera hapo isitikisike. Akawaeleza kwamba kamera itafumbua jicho taratibu, kwa hiyo nao watulie kabisa, wasipepese hata kope mpaka aseme.

Ya kwanza iliharibika kwa sababu Mama alicheka. Ya pili ikaharibiwa na mama mkubwa, aliyetaka kujua Mama anacheka nini. Ya tatu walitulia. Walishikana mkono wakatulia, wakaangalia mbele, na chumba kizima kikaacha kupumua mpaka kamera ikalia.

Kaka aliitazama muda mrefu. Akaukuza uso wa kwanza, akaukuza wa pili, kisha akanipa nione. Kila mkunjo ulikuwepo. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na nilimwambia hivyo, mimi mwenye harusi.

Dereva akapiga honi. Kaka akaanza kufunga kamera, akamwambia Mama kwamba imetoka, wote wawili wanaonekana, sasa waagane, treni itatuacha. Mama akajiandaa kunyanyuka, ila mama mkubwa hakuuachia mkono wake.

"Subiri kidogo," mama mkubwa akasema.

Hakuwa anajua kwamba huku kwetu hilo ni jina la mtu. Nilimgeukia Kaka nikidhani atacheka. Aliiweka kamera sakafuni, akaenda mlangoni kumwashiria dereva azime gari, akarudi, akaketi chini karibu na kitanda, akasubiri.