Wiki Mbili za Mabwege

Kwetu Hampshire, Uingereza, Mei ikielekea ukingoni, wadudu wa mtoni huibuka majini kwa maelfu, wakaota mbawa, wakacheza, wakataga, wakafa, yote kwa muda wa siku moja hivi. Samaki aina ya trauti hupandwa na wazimu wa ulafi, wakameza chochote kinachoelea, hata mdudu bandia aliyefungwa vibaya kwenye ndoana. Ndiyo maana msimu huo tunauita wiki mbili za mabwege: hata bwege hurudi na samaki. Bwege mmoja tu hajawahi kurudi naye, na ndiye anayekusimulia.

Nilifundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, kisha nikajifanya mvuvi. Mke wangu, Hilary, alivumilia mabuti ya matope jikoni miaka nenda rudi, mpaka mwaka jana akachoka.

"Desmond, safari hii nakuja mwenyewe. Ukikosa tena, huo ufito wako wa kuvulia naupeleka kanisani ukauzwe mnadani pamoja na vikombe vya mapengo."

Ufito niliupenda, lakini si huo ulioninyima usingizi. Nilitaka anione hodari, hata mara moja tu.

Basi tukakaa ukingoni na chai yetu na sandwichi za matango. Jioni wadudu wakaanza kuibuka, na trauti wakayavuruga maji. Nikasimama, nikainua ufito.

"Wazuri jamani," akasema Hilary. "Kweli wanaishi siku moja tu?"

Angeniuliza kingine chochote, ningevua. Nikashusha mkono.

"Siku moja tu. Na humo ndimo lilimotoka neno letu la Kiingereza 'ephemeral', yaani kisichodumu. Wagiriki wa kale..."

"Desmond, samaki."

"Nitafika huko. Watu wanalitumia ovyo hili neno. Si kila kitu kifupi kinaitwa hivyo. Kikao cha kamati ya kijiji, hata kikiisha mapema, hulitumii, maana hakuna anayekililia. Ni la kitu unachotamani kikae, nacho hakikai. Umande. Upinde wa mvua..."

"Hebu nikushikie huo ufito, upate kuongea vizuri na mikono."

Nikampa, na asante juu. Nilikuwa kwenye mfano wa tano, nimeupa mto mgongo kama ubao wa darasani, niliposikia mshipi ukivuma.

"Wavu! Lete wavu, mzee wewe, achana na Wagiriki!"

Trauti alikuwa mnene kama mkono wangu. Wivu ulinikaba, sitakuficha. Kisha nikamtazama Hilary, amelowa hadi magotini, mvi zake zimejaa mbawa za wadudu, akicheka kile kicheko alichonichekea dansini siku tuliyojuana. Nikatamani kisikome.

Wadudu walianza kuangukia maji, mbawa wazi, wakachukuliwa na mkondo. Hilary akanigusa bega.

"Enhe, Mwalimu. Mfano wa sita?"

Nilikuwa nao mbele ya macho yangu, na nikashindwa kuutamka.

"Nimeusahau," nikasema.

"Afadhali. Basi kamata wavu. Na ufito hauendi kanisani, ni wangu sasa."

Nikakamata wavu. Nikanyamaza mpaka giza likaingia, na hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja atakayeliamini hilo.