Kamba za Kuanikia za Ina Watt

Saa nne asubuhi, Jumamosi, na gari la wageni ndiyo kwanza linakata kona ya zizi kuelekea barabara kuu. Ina Watt anasubiri lipotee kabisa. Kisha anainua ndoo yake, anatoa funguo chini ya chungu cha maua, na kuingia katika nyumba aliyoishi miaka thelathini na moja.

Siku hizi anaingia humo kuisafisha tu.

"Viatu, mwanangu," anamwambia mwandishi mlangoni. "Zulia jeupe hilo. Aliyechagua zulia jeupe kwenye shamba la ng'ombe, Mungu amsamehe."

Nyumba hiyo iko Mains of Skellie, shamba linaloishia kwenye miamba ya pwani ya Banffshire. Zamani iliitwa nyumba ya mchunga ng'ombe, basi. Sasa mlangoni pana kibao cha mbao kilichoandikwa Pumziko la Sili, yule mnyama wa baharini, na wageni wanatoka Glasgow, Leeds, hata Uholanzi, kuja kukaa wiki nzima bila kufanya lolote. Wanasikiliza mawimbi, wanaota moto, wanalala.

"Sili hajapumzika hapa hata siku moja," anasema Ina. "Na mchunga ng'ombe vilevile."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mikono myekundu kwa maji baridi. Anavua shuka, anadeki bafu, anachota majivu ya jikoni na kupanga kuni mpya ili mgeni awashe tu kiberiti. Katikati ya kazi anafungua jokofu, maana wanachoacha wageni ni cha msafishaji. Leo ni mayai manne, kipande cha jibini na robo chupa ya mvinyo.

"Walikuwa watu wazuri," anasema, akiligeuza jibini upande wa pili.

Nje, ukungu wa bahari umeshuka mpaka juu ya paa la zizi. Leo hakuna nguo itakayokauka. Bandani ipo mashine ya kukaushia, tena nzuri. Lakini Ina anabeba kapu la shuka na kwenda nalo nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja cha majani chenye nguzo nne za chuma na kamba zake.

Kiwanja hicho ndicho kinachomnyima usingizi. Vijiti vyekundu vimechomekwa majanini kuonyesha mahali pa kuchimba. Jumatatu baada ya gazeti hili kutoka inakuja mashine, nguzo zing'olewe, udongo uzolewe, na papo hapo liwekwe beseni kubwa la mbao la maji ya moto ili wageni wajiloweke wakitazama bahari.

"Watu wanalipa pesa wachemshwe kama viazi," anasema Ina, lakini hacheki.

Anabana shuka ya pili wakati Innes Geddes, mwenye shamba, anapofika na pikipiki yake ya magurudumu manne. Ni mtu mrefu, mpole, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Yeye na Ina wanafahamiana tangu shule ya msingi.

"Ina! Mashine ya kukaushia nilikununulia ya nini?"

"Paka wako anailalia vizuri tu."

"Hazitakauka hizo."

"Zitakauka."

Innes anatazama vijiti vyekundu, anajikuna shingo. "Utaniwia radhi na hizi nguzo. Siku hizi mtu kabla ya kuuliza vitanda anauliza beseni."

"Kiwanja ni chako, Innes."

"Huna neno?"

"Neno gani? Sina."

"Haya. Ukungu huu nao."

"Eeh. Ukungu."

Na maongezi yameishia hapo. Hapa kwetu ndivyo tulivyo, bwana. Tunaweza kuzungumza hali ya hewa mpaka siku ya mazishi, na kwenye mazishi tukaendelea.

Pikipiki ilipokwisha kutokomea, Ina aliushika mkono wa mwandishi na kuuweka kwenye nguzo ya pili, ile iliyopinda.

"Dod yuko hapa," alisema.

Dod Watt, mumewe, ndiye aliyekuwa mchunga ng'ombe wa Skellie. Miaka sita iliyopita alianguka kwa moyo katika banda la ndama, mikono yake bado imemshika ndama aliyekuwa akimvuta kutoka tumboni mwa mama yake. Ndama alipona. Mwili wa Dod ulichomwa, Ina akaletewa majivu, na asubuhi moja akayamwaga chini ya nguzo hiyo. Dod aliisimika mwenyewe, ikapinda, na kwa miaka ishirini mkewe alimtania kwamba aliisimika akiwa ametoka baa.

"Nikamaliza, nikaanika shuka," Ina aliliambia gazeti hili. "Aliyeniona alidhani nimetoka kuanika. Sikumwomba mtu ruhusa. Kumwendea Innes na jambo kama lile, na ng'ombe wake wanazaa? Ningemtwisha mzigo tu."

Nyumba ya kazi huenda na kazi. Hilo Ina alilijua. Kwa hiyo hakungoja kuambiwa. Wiki mbili baada ya mazishi alikuwa amefunga vyombo, akahamia mjini kwenye chumba cha ghorofa ya juu, cha halmashauri, ambako kamba ya kuanikia iko juu ya beseni la kuogea.

"Sikutaka Innes apate tabu ya kuniambia nitoke," alisema. "Ni mtu mzuri. Angeumia."

Mchana mwandishi alimkuta Innes akisukuma majani makavu kwenye hori, akamuuliza habari za nyumba. Hakuuliza habari za Dod. Innes aliegemea uma wake.

"Ningemwacha akae," alisema. "Mchunga ng'ombe mpya ana nyumba yake kijijini, ile ilibaki tupu. Lakini nilipita nikamwona anafunga masanduku, nikasema labda haivumilii tena. Utamuulizaje mtu mambo yake ya ndani? Nikanyamaza. Ilipokaa tupu mwaka mzima ndipo nikaipaka rangi kwa ajili ya wageni."

Ina alikuwa chumbani akitandika kitanda mwandishi alipomfikishia maneno hayo. Huwa hakai kamwe kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa. Safari hii alikaa.

"Alisema ningekaa?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

"Jamani, Innes," alisema. "Jamani, mimi." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Inauma, na hakuna wa kumlaumu, ndiyo maana inauma zaidi. Halafu aliinuka, akalainisha shuka pale alipokuwa amekaa, akapiga mto ngumi mbili.

Saa kumi jioni wageni wapya walifika. Mama mmoja alishuka garini akavuta pumzi ndefu.

"Pazuri jamani! Pametulia! Una bahati kufanya kazi mahali kama hapa."

"Pametulia kweli," Ina alijibu, akamwonyesha zilipo kuni na biskuti za oti alizomwokea. Shuka zilizoanikwa asubuhi alizibeba mikononi zikiwa mbichi vilevile.

Garini kwake, ufunguo tayari mkononi, alimgeukia mwandishi.

"Haya yote utayaandika?"

Mwandishi alimwambia kwamba akitaka yaachwe, yataachwa.

"Andika. Mimi kumwambia usoni siwezi, nitakufa kwa haya. Nyumba siitaki tena, imeshapita hiyo. Nataka nguzo moja tu, ile iliyopinda, na majani yake ya chini. Beseni aliweke upande wa jikoni, bahari inaonekana pia." Alifungua mlango wa gari. "Gazeti lenu linatoka Ijumaa, na mashine inakuja Jumatatu yake, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi nisikilize. Innes hasomi habari za watu. Anafungua ukurasa mmoja tu, wa bei za mnada wa ng'ombe. Iweke hapo."

Mhariri amekubali. Bei za ng'ombe za wiki hii ziko hapo chini.